Uaminifu wa Wakili: Funzo Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Amma baad. Novemba 7, 1857 msafara wa Mwingereza Richard Burton uliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu mahali ilipo Tabora ya leo, baada ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Huko Burton alimpa Snay bin Amir al-Harithi hati ya uwakala, wakalatnama. Kwa hati hiyo Snay alimtafutia wapagazi wa kwenda Ujiji, akamhifadhia mali ghalani na kumuuzia ziada. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alimsifu kwa uaminifu.

Tuzingatie hali ilivyokuwa. Mwenye mali yuko Unguja au Ujiji, na bei ya Kazeh aijuaye ni wakili. Nani atamkagua?

Ndipo tunapoona hekima ya fiqhi. Katika madhehebu ya Shafii, wakili wa kuuza asiyepewa ruhusa maalumu hauzi kwa mkopo, wala kwa hasara kubwa chini ya bei ya soko. Wala hajiuzii mwenyewe, kwani muuzaji hutafuta bei ya juu na mnunuzi ya chini. Mtu mmoja hawezi kuzitumikia haja zote mbili. Mali ikiharibika bila ya yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halipi, kwa kuwa mkono wake ni mkono wa amana.

Na faida ni ya nani? Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi (r.a.) dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Hakujiwekea kitu, na Mtume (s.a.w.) akamuombea baraka.

Mambo mawili tusiyasahau. Kwanza, Burton hakuwa katika dini yetu, na amana yake ilikuwa amana. Pili, maghala ya Kazeh hayakuwa na pembe na nguo tu. Watumwa nao waliuzwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah atakuwa khasimu wa anayemuuza muungwana akala thamani yake. Basi uaminifu wa wakili kwa tajiri wake hauitakasi biashara ya dhulma.

Leo tunamtuma ndugu atununulie kiwanja au mahindi, naye anaweka "cha juu" kimyakimya. Ujira uliotajwa wazi ni halali yake. Uliofichwa ni khiyana. Wallahu aalam.