Neno "Umilisi" Darasani: Walimu, Wakuu wa Shule na Mitaala Miwili ya Kenya

Historia ya elimu nchini Kenya tangu uhuru huandikwa aghalabu kwa kufuata tume na ripoti zake: Ominde mwaka 1964, Gachathi mwaka 1976, Mackay mwaka 1981. Mkabala huo hubainisha yaliyoamuliwa, lakini haubainishi namna maamuzi yalivyopokelewa na walimu na wakuu wa shule waliotwikwa jukumu la kuyatekeleza. Makala haya yanalinganisha mapokezi ya mitaala miwili, ule wa 8-4-4 na ule wa Umilisi, kwa kuzingatia somo la Kiswahili. Hoja yake ni kwamba mwalimu huusoma mtaala mpya kupitia kile kitakachotathminiwa, na kwamba usomaji huo, ambao wapangaji huelekea kuuona kuwa ukaidi, ndio uliokipa Kiswahili nafasi yake shuleni.

Tume ya Ominde ilipendekeza Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi, ilhali Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha ya kufundishia. Hata hivyo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, CPE, haukukitahini Kiswahili. Mwalimu mkuu ambaye shule yake ilipimwa kwa idadi ya wanafunzi waliojiunga na shule za upili hakuwa na sababu ya kukilinda kipindi cha Kiswahili dhidi ya Kiingereza na Hisabati. Somo lilikuwamo katika ratiba. Halikuwamo katika hesabu.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Januari 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika KCPE, na baadaye katika KCSE, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Wakuu wa shule walikuwa na malalamiko ya haki: masomo yalikuwa mengi, karakana na vyumba vya Sayansikimu vilihitaji kujengwa kwa michango ya wazazi, na walimu hawakutosha. Kiswahili nacho kiliwaangukia walimu ambao baadhi yao hawakuwahi kutahiniwa somo hilo walipokuwa wanafunzi. Pamoja na hayo, shule zilizoulalamikia mtaala ndizo zilizoanza kutafuta walimu wa Kiswahili na kuvilinda vipindi vyake. Pendekezo la kukifundisha lilikuwapo tangu 1964. Kipya kilikuwa mtihani.

Mtaala wa Umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017 na utekelezaji wake kuanza kitaifa Januari 2019, ulikusudia kuupunguzia mtihani uzito huo. Jina lenyewe la mtaala linastahili kuchunguzwa. Katika isimu ya Kiswahili, "umilisi" ni istilahi ya dhana iliyofafanuliwa na Chomsky mwaka 1965: maarifa ya lugha yaliyo akilini mwa mzungumzaji, yanayotofautishwa na "utendaji". Mwalimu aliyesomea isimu alifundishwa kwamba umilisi hauonekani moja kwa moja. Kinachoonekana ni utendaji. Katika mtaala, kinyume chake, umilisi ni uwezo ambao sharti udhihirike kwa kutenda. Nchini Tanzania dhana hii ya pili huitwa "umahiri", na mgongano huo hauzuki. Tofauti hii si ya msamiati tu, kwani inagusa swali ambalo walimu wa Kenya wamelikariri: umilisi unapimwaje?

Jibu la mtaala ni viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Katika darasa la wanafunzi 60, mada ndogo moja yenye matokeo matatu yanayotarajiwa humdai mwalimu maamuzi 180. Chama cha walimu, KNUT, kilipoupinga utekelezaji huo mwaka 2019, kilisisitiza kwamba ulikuwa wa haraka na kwamba walimu hawakuandaliwa. Wakuu wa shule walikuwa na mzigo wao. Januari 2023 sekondari ya msingi ilipoanzishwa ndani ya shule za msingi, walimu wakuu walipokea walimu waliofunzwa masomo mawili na kulazimika kuwagawia zaidi ya hayo. Mwalimu wa Kiswahili na Historia aliweza kujikuta akifundisha Sayansi Jumuishi.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kiswahili kimebaki somo la lazima kwa wanafunzi wasiosoma Lugha ya Ishara ya Kenya. Lakini tajriba ya miaka ya 1964 hadi 1985 inaonyesha kwamba ulazima usioandamana na tathmini inayoaminika hauilindi lugha. Iwapo walimu watavijaza viwango hivyo kwa kutimiza wajibu tu, bila kuviamini, Kiswahili kinaweza kurejea kilikokuwa: katika ratiba, nje ya hesabu. Kwa hiyo mtazamo wa walimu na wakuu wa shule haufai kukusanywa baada ya mtaala kuchapishwa, kama takwimu za kuridhika. Wao ndio wasomaji wa kwanza wa mtaala, na usomaji wao ndio unaoamua utakavyokuwa darasani.