Turán, kifaru kilichoikuta vita imebadilika

Mwaka 1942 Hungaria ilipeleka Jeshi lake la Pili, askari wapatao 200,000, hadi ukingo wa mto Don ndani ya Urusi. Jeshi hilo lilikuwa na divisheni moja ya vifaru. Vingi kati ya vifaru hivyo, zaidi ya 100, vilikuwa vya muundo wa Kicheki na vilipokelewa kutoka kwa Wajerumani. Vichache vilivyokuwa vizito zaidi, aina ya Panzer IV, vilikuwa vya Wajerumani wenyewe. Kifaru cha kati, Turán, ambacho viwanda vya Hungaria vilikihangaikia tangu 1940 hakikuwepo hata kimoja. Januari 1943 jeshi lile likasambaratishwa kwenye theluji, na Turán bado zilikuwa nyumbani.

Chanzo cha kuchelewa huko ni cha zamani. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake na kuipiga marufuku kumiliki vifaru. Viwanda vikubwa ilikuwa navyo: Ganz na MÁVAG walijenga garimoshi, na Manfréd Weiss alikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma na silaha pale Csepel, Budapest. Uzoefu wa kubuni kifaru ndio uliokosekana. Nicholas Straussler, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, alileta kifaru chake cha V-4, lakini jeshi likapendelea muundo wa Sweden, ambao kwa Wahungaria ukawa Toldi, kifaru chepesi mno kwa vita vilivyokuwa vinakuja. Straussler huyohuyo ndiye aliyebuni baadaye pazia la turubai lililoviwezesha vifaru vya Sherman kuelea hadi fukwe za Normandy mwezi Juni 1944. Nchi yake ya kuzaliwa haikufaidi kipaji hicho kama ingeweza.

Ujerumani haikuwa tayari kutoa leseni ya vifaru vyake vya kati. Ndipo Wahungaria wakageukia Škoda, kampuni ya Kicheki iliyokuwa chini ya Wajerumani tangu 1939, ambayo ilikuwa na kifaru cha majaribio kilichoitwa T-21. Leseni ilipatikana Agosti 1940.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyokula muda, na ni kazi ya kuheshimiwa. Mnara wa T-21 ulikuwa wa watu wawili, maana yake kamanda alilazimika pia kushughulika na mzinga huku akitafuta adui na kuongoza wenzake. Wahungaria waliupanua wakamweka mtu wa tatu, ili kamanda abaki na kazi ya ukamanda. Hata baadhi ya majeshi makubwa zaidi yalichelewa kulitambua jambo hilo. T-34 ya Kisovieti iliendelea na mnara wa watu wawili hadi mwanzoni mwa 1944. Deraya ya mbele iliongezwa unene hadi milimita 50. Injini ilikuwa ya petroli, silinda nane, nguvu farasi zipatazo 260, na iliweza kukimbiza tani 18 kwa kilomita 47 kwa saa.

Mzinga nao ukabadilishwa. Badala ya ule wa Kicheki wa milimita 47, jeshi lilitaka wa milimita 40, kwa kuwa Hungaria tayari ilikuwa ikitengeneza risasi za ukubwa huo kwa mizinga ya Bofors ya kutungulia ndege. Kwa afisa wa ugavi uamuzi huo ulikuwa na mantiki kamili. Kwa askari ulikuja kuwa msiba. Kuuandaa mzinga mpya kulichukua miezi mingi, na ulipokuwa tayari, T-34 ilikwisha kuingia vitani ikiwa na bamba la mbele lililolala mshazari ambalo risasi ya milimita 40 haikuweza kulitoboa, ila kwa bahati.

Marekebisho yalifuata. Turán II ilipewa mzinga wa milimita 75, lakini mfupi, uliofaa zaidi kulipua ngome na askari wa miguu kuliko kutoboa chuma. Turán III, yenye mzinga mrefu ambao ndio hasa uliohitajika, haikuvuka hatua ya majaribio. Kwa jumla zilijengwa kama 285 za aina ya kwanza na 139 za aina ya pili. Bamba za Turán ziliungwa kwa ribiti, na zilipopigwa kwa nguvu ribiti hizo ziliweza kufyatuka ndani na kuwajeruhi wapiganaji.

Mtihani ulikuja Aprili 1944, mwezi mmoja baada ya Wajerumani kuikalia Hungaria yenyewe. Divisheni ya Pili ya Deraya ilivuka Milima ya Carpathia ikateremka Galicia kuelekea Kolomyia. Ilitwaa miji kadhaa, kisha ikakwama mbele ya Wasovieti. Wapiganaji wa Turán walilazimika kuvizia ubavuni, wakisogea karibu kiasi ambacho adui hakuhitaji kusogea. Kushindwa kwao hakukutokana na woga, maana mwezi uliofuata Wajerumani, waliokuwa wabahili wa silaha zao bora, waliwakabidhi Wahungaria wale vifaru kadhaa vya Tiger.

Agosti 23 mwaka huo Romania ikageuka na kujiunga na Wasovieti. Septemba Turán zilishiriki kuutwaa mji wa Arad, na nyingine zikapigana Torda, Transylvania, ambako mapigano yalidumu hadi Oktoba 8. Nyumbani, ndege za Washirika zilikuwa zimekwisha kuishambulia Csepel. Turán zilizosalia ziliendelea kupungua katika mapigano ya Hungaria yenyewe.

Matumizi bora ya kazi ile yote yalikuwa Zrínyi. Hapo wahandisi waliondoa mnara, wakatanua mwili wa Turán na kuweka mbele mzinga wa milimita 105 pamoja na deraya nene zaidi. Mwaka 1944 askari wa mizinga waliotumia Zrínyi walipata heshima ambayo wenzao wa Turán walinyimwa na chombo chao. Lakini zilijengwa kama 60 tu. Zrínyi moja na Turán II moja zilizotekwa na Wasovieti zipo hadi leo katika makumbusho ya Kubinka, nje ya Moscow.