Habari za Kufunga Shule

Neno "kuhitimu" lilianzia katika chuo cha Kurani, kwenye msahafu, kabla halijaandikwa kwenye cheti cha serikali. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kutia muhuri au kukamilisha. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, aliyehitimu alikuwa mtoto aliyeisoma Kurani yote, juzuu 30, mbele ya mwalimu wake. Chuo hakikuwa na muhula. Watoto walikaa jamvini na mbao zao, huyu yuko kwenye herufi, yule yuko Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ambayo hutangulia kusomwa, mwingine amebakiza kurasa chache, na kila mmoja alimaliza kwa wakati wake. Kwa hiyo habari za kumaliza hazikutangazwa kwa wote siku moja. Mwalimu alimwambia baba kwamba mtoto yu karibu kuhitimu, na tangu hapo pande mbili zilikuwa na shauri la kufanya: siku ya hitima, yaani sherehe ya kumaliza Kurani, chakula, haki ya mwalimu, nguo ya mtoto, majirani wa kualikwa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliyaeleza masomo ya chuoni humo humo mlimo na habari za uzazi, ndoa na mazishi. Hapo ndipo mahali pake. Kumaliza masomo ilikuwa shughuli ya nyumbani, na mzazi ndiye aliyekuwa mwenyeji wake.

Shule za bweni za wamisionari zilianza katika hali nyingine kabisa. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walihamia Zanzibar mwaka 1864, na miongoni mwa wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako CMS, shirika jingine la Kianglikana, ilianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Watoto hao walikuwa wametenganishwa na jamaa zao, na wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Hapakuwa na wa kuandikiwa barua. Kengele, daftari la mahudhurio na kanuni za bweni vilijengwa mahali ambapo mzazi hayupo, na walimu wakajizoeza kuamua peke yao. Mazoea hayo yalidumu hata baada ya shule kujaa watoto wenye baba na mama.

Utawala wa Mwingereza katika Tanganyika ulipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, mzazi alikuwepo, lakini mbali. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, na ratiba ya treni ikawa na sauti katika tarehe ya kufunga. Mwanafunzi aliondoka na hati ya safari, iliyokuja kuitwa waranti, pamoja na ripoti ndani ya bahasha. Posta nayo ilikuwa na mipaka yake: barua haikuletwa mlangoni bali iliwekwa kwenye sanduku, na familia nyingi za kijijini hazikuwa na sanduku lao. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya misheni, ya shule ya jirani au ya duka la mji mdogo, na barua ilikaa huko mpaka apatikane mtu wa kuipeleka kijijini. Mara nyingi mtoto aliitangulia barua inayotangaza kuja kwake.

Baada ya uhuru, Tanzania iliwapeleka wanafunzi wa sekondari mikoa ya mbali makusudi ili vijana wa makabila mbalimbali wajuane, na safari za likizo zikarefuka zaidi. Wakati huo huo sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Ripoti ilipofika nyumbani, aliyeisoma kwa sauti alikuwa mwanafunzi mwenyewe, shahidi wa kesi yake. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyopamba moto katika miaka ya 1970, ilibadili hali hiyo kwa namna ambayo hutajwa mara chache: mama aliyejifunza kusoma jioni chini ya mwembe aliweza sasa kuchukua karatasi ya mwanawe na kuiangalia kwa macho yake. Kampeni hiyo ilileta faida nyingi, na hii inastahili kuhesabiwa kati ya kubwa.

Karatasi yenyewe ilikwisha kupata umbo lake. Juu ni jina la shule na S.L.P.; katikati ni masomo, alama, nafasi darasani na maoni ya mwalimu wa darasa; chini ni tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, ada inayodaiwa na mahitaji ya kurudi nayo, kama vile jembe, fagio, ndoo au karatasi za mtihani. Nchini Tanzania karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili mara nyingi hata pale masomo yanapofundishwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi huanza kwa kutafuta mambo mawili: wa ngapi, na kiasi gani.

Sherehe ya kumaliza ilirudi kwa jina la mahafali, yenye kadi, mgeni rasmi, risala ya wahitimu na keki. Inafanana na hitima, lakini mwenyeji ni shule na mzazi ni mgeni. Isitoshe, mahafali ya kidato cha nne kwa kawaida hufanyika kabla ya mtihani wa taifa. Familia hupongeza kwanza, matokeo huja miezi baadaye.

Likizo nayo ikageuka muhula wa pembeni. Masomo ya ziada ya likizo yalienea mpaka Kenya ikayapiga marufuku katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kwa masomo hayo wazazi walipaswa kujulishwa kwa mara nyingine siku ya kuanza, siku ya kumaliza na malipo, na kwa wengi malipo hayo ndiyo yaliyokuwa uchungu wa jambo lenyewe.

Simu ya mkononi imemvua mtoto kazi ya utarishi. Matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa Kenya tangu 1985 hadi 2023, yalikuja kupatikana kwa ujumbe mfupi, na leo tarehe za kufunga hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa. Habari hufika upesi kuliko wakati wowote. Hata hivyo kundi la namna hiyo mara nyingi ni la kutangazia, na mzazi anayeuliza jambo lisilo la ada huweza kusubiri jibu siku nyingi. Shule nyingi bado huchapa ripoti ya karatasi. Chini kabisa, baada ya saini ya mkuu wa shule, pameandikwa "Maoni ya mzazi", na nafasi iliyoachwa ni mistari miwili.