Lete Ile

Mpwa wangu ana miaka 18. Amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM, na anasubiri kwenda chuo kusoma uhandisi wa umeme. Ana usonji. Likizo hii tulimpeleka gereji ya jirani awe saidia fundi, tukiamini kwamba kijana anayekuchorea saketi ya redio bila kutazama popote hatashindwa kushika spana. Asubuhi ya kwanza fundi, kichwa kikiwa chini ya boneti, akanyoosha mkono nyuma: "Lete ile." Kijana akasimama. "Ile ya jana, bwana!" Jana yeye hakuwepo. Kufika saa nne alikuwa amekaa juu ya tairi, viganja masikioni, maana grainda nayo ilikuwa imeanza kulia.

Ufundi wetu hurithishwa kwa macho. Mwanagenzi huketi kando ya seremala au muunda jahazi, hutazama, huiga, hukemewa, mpaka siku moja anaachiwa randa. Wapo wanaosema hiyo ndiyo shule hasa ya mwenye usonji, kwa kuwa inahusu vitu na si maneno. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Vitu havikumshinda mpwa wangu. Kilichomshinda ni "ile".

Mwambao una mapokeo mengine ambayo hatukuyafikiria kabisa. Unyagoni mwali hupewa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, naye hadhani kwamba mwali anajua chochote. Namna ya kuamkia, namna ya kuketi mbele ya wakwe, neno gani lisitamkwe mbele ya nani: yote husemwa, huimbwa, hurudiwa. Ni kweli mizungu ni mafumbo, na fumbo ni adui wa mtu anayechukua neno kama lilivyo. Lakini fumbo la unyagoni hufumbuliwa. Fundi yeye hufumba akaendelea na injini yake.

Marekani wamechagua karatasi. Shule ya umma inawajibika kisheria kumwandikia mtoto mwenye ulemavu mpango wake wa elimu, na akifikisha miaka 16 mpango huo lazima uguse maisha ya baada ya shule. Akiingia chuo, mpango unakoma. Haki bado zipo: sheria za 1973 na 1990 zinavitaka vyuo vimrekebishie mazingira, kwa mfano kumwongezea muda wa mtihani, ila sharti ajitambulishe na kuomba mwenyewe. Sheria ya faragha ya 1974 nayo humkabidhi mwanafunzi kumbukumbu zake za masomo, ambazo awali zilikuwa haki ya mzazi. Mama aliyezoea kupiga simu shuleni kila wiki huambiwa kwa upole kwamba sasa hayamhusu. Kwetu hiyo ni sawa na kumtoa mwali ndani na siku hiyohiyo kumfukuza somo wake.

Na Mmarekani anayetajwa zaidi katika habari hizi hakuinuliwa na karatasi. Temple Grandin alizaliwa Boston mwaka 1947, kabla ya sheria zote hizo. Shangazi yake alikuwa na ranchi Arizona. Huko binti aliona ng'ombe wakitulia ndani ya kizimba kinachowabana wakati wa chanjo, akajiundia cha kwake cha kujibana mwenyewe hofu ikimzidi. Watu walishtuka. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, hakukibeza. Alimtaka achunguze kisayansi kwa nini kinatuliza. Baadaye Grandin alikuja kubuni mazizi na njia za kupitishia mifugo zinazotumika sana nchini mwake. Aljebra ilimtoa jasho, na shahada zake ni za saikolojia na sayansi ya wanyama, si uhandisi. Nawakumbusha hilo wanaodhani usonji na hesabu ni pacha. Mpwa wangu ni kinyume chake: hesabu anaziweza, foleni ya kantini ndiyo inayomtisha.

Basi tumechanganya. Barua kwa chuo imeandikwa, kwa kuwa hata sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na ameisaini mwenyewe. Somo tumempata pia, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mtaa wetu, atakayemtembeza kutoka bwenini hadi maabara kabla umati haujafika. Mimi nimepewa daftari niandike yale yasiyosemwa. Mhadhiri akiuliza "Tuko pamoja?" huwa hasubiri jibu. Mwenzako akisema "Karibu chakula," jibu ni "Ahsante, nimeshiba," hata kama una njaa, kwa sababu huenda sahani ni ya mtu mmoja.

Alisoma mstari huo mara mbili.

"Mjomba, na kama chakula kinatosha nitajuaje?"