Waashi wa Kilwa na Shule ya Mawe

Watu wanapozuru magofu ya Kilwa Kisiwani aghalabu huuliza maswali mawili: nani alikuwa sultani, na dhahabu yake ilikwenda wapi. Swali la tatu, ambalo ndilo tunalokusudia kulijadili katika insha hii, huulizwa kwa nadra: fundi aliyeyajenga majengo haya alijifunzaje kazi yake? Swali hilo lina uzito katika utamaduni wa taifa letu, kwa sababu ukuta ni matokeo tu. Kilichouinua ni ujuzi uliokaa katika mikono na macho ya watu, ukapitishwa kutoka kwa mwashi hadi kwa mwanagenzi wake. Ukuta ukianguka waweza kuinuliwa tena, maadamu ujuzi huo ungalipo. Ujuzi ukipotea, hata ukuta uliosimama huwa umekwisha kuanza safari ya kuanguka.

Majina yaliyodumu katika habari za kale za Kilwa ni hasa ya watawala na wacha Mungu. Waashi walituachia kazi zao wenyewe. Kazi hizo, zikisomwa kwa kufuata miaka, zinatueleza namna mafundi wa kizazi hadi kizazi walivyopewa mitihani, wakafaulu, wakashindwa, na wakarudia.

Kabla ya kuyasoma majengo yenyewe, yafaa tutazame kwanza vitu ambavyo mwashi wa pwani alikuwa navyo. Cha kwanza ni jiwe la matumbawe, nalo lina namna mbili. Lile la nchi kavu ni gumu na lina vishimo vingi. Hili lilifaa kwa kuta nene. Lile la baharini hukatwa likiwa bichi na laini, likachongwa upesi, kisha likikauka hewani huwa gumu. Mchongaji wa kizingiti au wa kibla alilazimika kujua saa ya jiwe lake, kwani akichelewa, patasi haikumtii. Kitu cha pili ni chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kuyazima kwa maji, na kuiacha ikae muda mrefu hadi ikomae. Cha tatu ni boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliotawala upana wa chumba, na kwa hiyo nyumba za mawe za pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, zina vyumba virefu vyembamba ambavyo mara chache huzidi mita 3 kwa upana. Mwanagenzi aliyeielewa sheria hiyo ya boriti alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya kupanga nyumba.

Uchimbuzi uliofanywa Kilwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa wakazi wa kwanza wa mji walikaa katika nyumba za fito na udongo. Wako wanaoidharau nyumba ya namna hiyo, wakidhani ufundi ulianza siku lilipowekwa jiwe la kwanza. Dhana hiyo haina msingi. Anayejenga nyumba ya fito hupima pembe za msingi kwa kamba, husimamisha nguzo kwa safu, hukadiria uzito wa paa, na huamua mlango uelekee wapi ili upepo upite. Mambo hayo yote tunayakuta tena katika chumba cha kaskazini cha Msikiti Mkuu, kilichojengwa katika karne ya 11 au ya 12. Chumba hicho kilikuwa na nguzo tisa zilizopangwa safu tatu, zikiligawa paa katika sehemu 16, na juu yake lilikuwa paa bapa la mawe na chokaa lililobebwa na miti. Hapa tunamwona fundi aliyezoea nguzo na boriti akiihamishia akili ile ile katika jengo la mawe. Alibadili kitu cha kujengea, lakini kanuni yake ya kujenga ilibaki ile aliyoijua.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takriban kuanzia 1310 hadi 1333. Habari za Kilwa zinasimulia kuwa katika ujana wake alikwenda Aden kusoma, kisha akahiji Makka. Bila shaka macho yake yaliona huko majengo ambayo watu wa nyumbani hawakuwa wameyaona. Aliporudi na kutawala, biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala ilimpa uwezo wa kuagiza kazi kubwa. Msikiti Mkuu ulipanuliwa kuelekea kusini kwa matao, kuba na mapaa ya mviringo, yakabebwa na nguzo ambazo kila moja ilichongwa katika jiwe moja la tumbawe. Kando yake ilijengwa kuba kubwa ambayo, hadi karne ya 19, haikuwa na mfano wake katika pwani yetu kwa upana.

Nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, sultani huyo alijenga Husuni Kubwa. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100, behewa la baraza, birika la kuogea lenye pembe nane, na ua mpana wa upande wa kusini unaozungukwa na vyumba vya kuhifadhia bidhaa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo huyo, aliusifu mji kwa uzuri wake na akaandika kuwa umejengwa kwa mbao. Maneno hayo yanatusaidia kuupima ukubwa wa jambo lenyewe. Kama nyumba nyingi za mji zilikuwa za miti, basi waashi wa mawe hawakuwa wengi, na jumba kama Husuni lilikuwa shule nzima kwao. Kila chumba chenye kuba kilidai kiunzi cha mbao cha kuishikilia hadi chokaa ikauke, na kila kiunzi kilimpa mwanagenzi nafasi ya kutazama, kushika na kujaribu. Hata hivyo, jumba hilo halikumalizika. Baadhi ya sehemu zake ziliachwa kabla ya kukamilishwa, na wenyewe hawakukaa humo muda mrefu. Tamaa ya mwenye jengo ilikuwa imetangulia mbele ya uwezo wa mji.

Tena msikiti uliopanuliwa nao ulianguka. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kukumbuka tofauti iliyopo baina ya paa la boriti na paa la kuba. Paa la boriti hukandamiza chini tu. Nguzo ikiwa imara kwa wima, kazi imekwisha. Kuba na tao husukuma pia kando. Nguzo inayobeba tao lazima iwe na unene wa kustahimili msukumo huo, na kuta za pembeni lazima ziupokee. Waashi wa Kilwa walikuwa mabingwa wa kanuni ya kwanza, lakini kanuni ya pili waliijifunza kwa hasara.

Katika karne ya 15 msikiti ulijengwa upya, na ni hapa hasa tunapouona ustadi uliokomaa. Waashi hawakurudia nguzo za jiwe moja. Walijenga nguzo za pembe nane kwa mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na juu yake wakarudisha matao na kuba. Kwa maoni yetu, badiliko hilo la nguzo lina thamani kuliko kuba yenyewe. Linaonyesha kuwa kulikuwa na watu waliokaa mbele ya kifusi, wakakichunguza, wakatambua ni wapi kazi ya wazee wao ilishindwa, na wakaisahihisha bila kuitupa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Kilwa walilazimika kujenga ukuta, na wakaujenga kwa akili kuliko wa kwanza.

Matunda ya somo hilo yanaonekana katika majengo ya karne hiyo hiyo. Msikiti mdogo wa kuba uliopo Kisiwani ni wa vipimo vya kiasi, umepangwa kwa utulivu, na ndani ya paa lake yalipachikwa mabakuli ya kigae chenye rangi. Katika kisiwa jirani cha Songo Mnara kuna nyumba za mawe zenye nyua zilizoshuka chini ya vyumba, misikiti, na jumba kubwa. Mafundi hawa hawakutafuta tena kushindana na ukubwa wa Husuni. Waliuchukua ujuzi wa jumba la sultani wakaupeleka katika makao ya wafanyabiashara na jamaa zao.

Je, mafundi hawa walikuwa akina nani? Katika miaka ya 1960 wataalamu wengi, Chittick akiwamo, waliyahesabu majengo ya pwani kuwa hasa matunda ya wageni kutoka ng'ambo. Wachunguzi waliofuata, na miongoni mwao Mtanzania Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameonyesha jinsi miji ya pwani ilivyoota mizizi katika jamii za wakulima, wavuvi na wafua chuma wa nchi hii. Sisi hatukatai kuwa umbo la kuba na la kibla lilikuja pamoja na Uislamu na safari za Bahari ya Hindi. Lakini umbo laweza kusafiri kwa jahazi, ilhali ujuzi wa tumbawe bichi na wa chokaa ya Kilwa haupatikani ila kwa kukaa Kilwa na kuchafua mikono.

Hapa yafaa kumtaja mtu mmoja ambaye kwake magofu haya yalikuwa darasa. Peter Garlake, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934 na kusomea huko usanifu wa majengo, alifika katika pwani yetu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Badala ya kubuni majengo mapya, alipima ya kale, ukuta kwa ukuta na tao kwa tao, na mwaka 1966 michoro yake ilitolewa katika kitabu juu ya usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baadaye alifanya kazi Rhodesia, akasimama upande wa ushahidi kuwa Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika. Mwaka 1970 aliondoka nchini humo, kwa kuwa serikali ya walowezi haikutaka ukweli huo usemwe. Tukumbuke kuwa sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana katika magofu hayo hayo ya Zimbabwe. Msanifu aliyejifunza kusoma mawe ya mji mmoja aliweza kuyatetea mawe ya mji mwingine.

Mlolongo wa ujuzi wa Kilwa ulipata pigo mwaka 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida walipouteka mji na kujenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuyumba. Kazi ya chokaa na matumbawe haikukoma kabisa. Gereza, ngome tunayoiona leo ufukoni, ilijengwa upya wakati wa Waomani, na katika karne ya 19 nyumba za mawe zilisimama Kilwa Kivinje, mji uliokua kwa biashara ya pembe na kwa dhuluma ya kuuza watu. Kisha ikaja saruji. Saruji hukauka upesi na haidai subira. Kwa hiyo vijana waliacha kujifunza kuzima chokaa na kuikomaza. Lakini saruji ikipakwa juu ya ukuta wa kale wa chokaa huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya uso ulio mzima.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mvua, mawimbi yanayokula ufuko, na mizizi ya miti inayopasua kuta. Yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka mingi iliyosaidiwa na nchi za nje, zikiwamo Ufaransa na Japani, na iliyofanywa pamoja na wakazi wa visiwani. Fedha zilitoka mbali, lakini ukuta ulishikwa na mikono ya watu wa pale. Hilo lathibitisha kuwa mnyororo haujakatika, ingawa umekuwa mwembamba.

Kwa upande wa wasomi, njia nayo ilikuwa ndefu. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, usanifu wa majengo ulifundishwa Nairobi. Beda Amuli, msanifu Mtanzania aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliusomea Haifa. Paa la soko hilo limebebwa na nguzo zinazotanuka juu kama miti na kuyakusanya maji ya mvua. Sisi tukilitazama hukumbuka chumba cha nguzo tisa cha Kilwa, ambamo paa na nguzo vilifikiriwa kuwa kitu kimoja. Siku hizi wanafunzi hawalazimiki kuvuka mipaka. Chuo Kikuu cha Ardhi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007, kinafundisha taaluma hiyo Dar es Salaam, safari ya siku moja kutoka Kilwa Masoko.

Kwa hiyo shauri letu ni dogo na linatekelezeka. Kila mwanafunzi wa usanifu nchini, kabla ya kukabidhiwa cheti chake, na apewe gofu moja la pwani ya Lindi alipime kwa mkono na kulichora. Kisha na akae majuma kadhaa chini ya fundi wa chokaa wa Kilwa au wa Songo Mnara, azime chokaa, aisubiri ikomae, na azibe ufa mmoja. Naye fundi huyo na alipwe ujira wa mwalimu, kwa sababu ndiye mwalimu. Mwanafunzi atayasikia mengi darasani juu ya msukumo wa tao. Lakini atauelewa vema siku atakapoketi chini ya nguzo za pembe nane, akijua kuwa zile zilizotangulia zilianguka, na kwamba mtu fulani, bila ramani ya karatasi, alijua la kufanya.