Chakula cha Chomboni na Sifa ya Unene

Hapa kwetu Kisarawe na Kibaha, mtu akirudi safari husalimiwa kwa mwili wake. "Mashallah, umenenepa!" Na hiyo ni sifa. Akirudi amekonda, watu huulizana pembeni ana maradhi gani. Wala msomaji asidhani kuwa bahari hatuihusu. Kabla Mkuranga haijawa wilaya, Kisarawe ilifika pwani hadi Kisiju, yanakoondoka majahazi ya Mafia. Na kusini yake ni Rufiji, ambako vyombo vya Ghuba vilikuwa vikija na kaskazi kupakia boriti za mikoko.

Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Mwaka 1939 likafika Unguja, kisha likaingia Rufiji. Villiers aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Chakula kilikuwa wali na samaki, mkate na tende, watu wamezunguka sinia moja. Na huko Rufiji mabaharia walishinda matopeni wakibeba boriti, mbu na homa juu yao.

La kuzingatia hapa ni hesabu. Baharia hakuwa na mshahara wa mwezi. Safari ikiisha, katika mapato ilitolewa kwanza gharama ya chakula, ndipo wakagawana mwenye chombo na watu wake kwa mafungu. Basi kila tonge la ziada lilipunguza fungu la kila mmoja. Mlafi chomboni hakuhesabiwa mtu mwenye neema; alikuwa akila haki ya wenziwe. Ile thuluthi ya tumbo aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) wao waliishi nayo, watake wasitake.

Nchi kavu mambo yaligeuka. Msafiri alirudi mifupa ikihesabika, na watu wa nyumbani wakamlisha kwa huruma. Kwa rai yangu, hapo ndipo unene ulipopata heshima yake: ulionyesha kuwa mtu amefika salama na riziki ipo. Hata tusemapo fulani amekonda kama ng'onda, tunamfananisha na samaki aliyekaushwa juani, ambaye ni chakula cha safarini.

Leo kijana hurudi jioni kutoka Dar es Salaam kwa daladala, ameketi kutwa nzima, na mama humpakulia kama aliyetoka Basra. Uchunguzi wa afya wa 2012 ulikuta kiasi cha robo ya watu wazima nchini wana uzito uliozidi, wanawake zaidi kuliko wanaume. Namjua mzee mmoja mwenye sukari aliyepungua kwa kufuata amri ya daktari. Majirani walikuja kumpa pole, na mkewe akasengenywa kuwa anamnyima chakula. Bibi yule sasa wageni wakija huweka sinia limejaa mbele ya mumewe, kisha huliondoa wakishaaga.