Wanja wa Taa: Historia Fupi ya Kupamba Macho ya Gari

Zamu ya kuandika historia safari hii imetuangukia sisi vijana wa gereji ya chini ya mkorosho. Wengi mlitegemea tuandike habari za Wareno au za vita. Tumeamua kuandika kuhusu taa za magari, manake kila wiki hapitwi mtu bila kutuuliza: "Nyie watoto, watu wanavujiwa na maturubai, nyie mnapaka rangi taa?" Swali ni la haki. Na sisi tunajibu kwa haki.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Ukiitazama taa ya mbele ya gari la siku hizi utaona kioo cha plastiki mbele, nyuma yake sahani inayong'aa ambayo mafundi wanaiita riflekta, na kuizunguka ile sahani kuna fremu ya plastiki ya kupendeza tu. Hiyo fremu haiwashi chochote. Kiwandani mara nyingi huipa rangi ya fedha. Vijana wa mjini wanaifungua taa, wanaipaka fremu hiyo rangi nyeusi, kisha wanaifunga tena. Gari linabadilika sura kabisa, linakuwa kama mtu aliyeamka. Sisi tunaita kazi hii "kupaka wanja". Kila mtoto wa pwani anajua wanja unapakwa wapi: pembeni mwa jicho, si kwenye mboni. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Jambo la kuvipa vyombo macho si geni pwani yetu. Zamani, kabla ya injini, kulikuwa na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi bila hata msumari mmoja, chenye tanga la mkeka. Mafundi wake mashuhuri walikuwa upande wa Lamu na visiwa vyake. Mtepe ulichorwa macho mawili kwenye omo, huku na huku. Hata majahazi ya Lamu yaliyokuja baadaye yaliwekewa vibao vya duara mbele, na watu wakaviita macho. Tukiwauliza wazee sababu, mmoja anasema chombo nacho lazima kione njia, mwingine anasema ni pambo tu, mwenye chombo ajulikane. Labda wote wawili wana haki. Maskini hakuwa na nyumba ya ghorofa, alikuwa na chombo, basi akakipamba.

Gari lilipofika Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, lilikuja na macho yake lenyewe, lakini macho dhaifu. Magari ya mwanzo yalitumia taa za mafuta na taa za gesi: maji yanadondoka juu ya kabaidi, gesi inatoka, unaiwasha kwa kiberiti. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye stata ya umeme pamoja na taa za umeme, na wengine wakafuata. Kisha mwaka 1940 Marekani ikaweka taa za aina moja kwa magari yote: duara, za kioo, zimezibwa moja kwa moja. Ikiungua unatupa yote unanunua nyingine. Taa kama hiyo huwezi kuifungua, kwa hiyo huwezi kuipaka kitu ndani. Waliopenda urembo walipamba bampa na vioo tu.

Mambo yalibadilika polepole. Ulaya ilipata balbu ya halojeni mwaka 1962, balbu unayoweza kuitoa peke yake. Baadaye, miaka ya 1980, vioo vya plastiki vikaanza kuchukua nafasi ya kioo cha kweli. Taa ikawa kasha lenye vipande vilivyobanwa na gundi, na gundi ikipata moto inalainika. Hapo ndipo kijana wa mtaani alipopata mlango wa kuingilia.

Na kwetu taa hizo zilifika kwa njia gani? Kwa magari ya mtumba kutoka Japani. Hapa kuna historia ambayo wengi hawaijui. Ureno ilihamia kuendesha upande wa kulia mwaka 1928, lakini Msumbiji ikabaki kushoto, kwa sababu majirani zake waliokuwa chini ya Mwingereza walikuwa kushoto. Japani nayo ni kushoto. Ndiyo maana gari la Japani linashuka melini usukani wake uko sawa na taa zake ziko sawa: ukiweka dimu, mwanga unainama upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, haumchomi macho anayekuja. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia inafanya kinyume. Kwa hiyo kaka, ukinunua taa ya mtumba, uliza kwanza imetoka wapi.

Magari hayo ndiyo yaliyokuwa matatu Kenya, daladala Tanzania, na chapa kwetu. Angalieni majina: yote yametokana na nauli. Matatu ni mapeni matatu, senti thelathini. Daladala imetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Chapa-cem ni ile nauli ya meticais 100. Yaani ni magari ya watu wa kawaida tangu jina lake. Na watu wa kawaida wakayapamba. Nairobi walifika mbali zaidi, gari zima ukuta wa picha, mpaka mwaka 2004 waziri John Michuki alipoleta kanuni za mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, michoro ikafutwa. Miaka kama kumi baadaye ikaruhusiwa tena. Funzo tunalolipata: serikali ilikuwa na haki kuhusu mikanda, na vijana walikuwa na haki kuhusu rangi. Kimoja hakikuhitaji kuua kingine.

Lakini kuna historia nyingine ya kupaka taa, na hiyo si ya urembo. Ni ya woga.

Septemba 1939 Uingereza ilipoingia vitani, usiku wote uliamriwa uwe giza ili ndege za adui zisione miji. Taa za magari zikafunikwa, zikaachiwa upenyo mdogo tu. Matokeo yake watu waligongwa barabarani kwa wingi; mwaka 1941 waliokufa kwa ajali za barabarani nchini humo walizidi 9,000. Vita hivyo havikuwa mbali na sisi kama tunavyodhani. Mwaka 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha meli kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, maji haya haya tunayovua.

Na sisi wenyewe tunaijua taa ya woga. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, baadhi yetu tulipakiwa nyuma ya pikapu. Giza lilipoingia dereva alizima taa zote. Alitoa kichwa dirishani, akawa anaifuata barabara kwa weupe wa mchanga. Mama mmoja alikuwa na simu inayowaka mkononi, tukamnyang'anya tukaifunika kwa kanga. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wengine siku hizo walikwenda kwa miguu msituni kuelekea Nangade, wengine Quitunda, wengine kwa mashua mpaka Pemba. Kila mmoja ana usiku wake. Ila wote tulijifunza kitu kimoja, kwamba mwanga unaweza kukuua.

Miezi mingi baada ya hapo, gari likija kambini usiku na taa kubwa, watoto walikuwa wanakimbia. Wakubwa pia, tusidanganyane.

Sasa mnaelewa kwa nini sisi tunashughulika na taa. Kijana wa kwanza kati yetu aliyeanza kupaka wanja alijifunza Mocímboa da Praia, kabla ya Oktoba 2017, gereji ya mjomba wake. Hakuondoka na spana hata moja. Aliondoka na ujuzi.

Hatusemi kwamba hatujakosea. Mwaka jana mzee mmoja mwenye chapa alituamini na Hiace yake. Tulikuwa na haraka, na mdogo wetu mmoja akafikiri kuwa weusi ukizidi ndiyo uzuri unazidi. Akapaka fremu, akapaka na riflekta. Mchana gari lilipendeza kweli. Jioni mzee akawasha, mwanga ukawa kama wa mshumaa, na nusura amgonge dada aliyebeba ndoo ya maji. Alirudi kwetu hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanangu, mmenipofushia gari." Ile kauli ilituuma kuliko matusi. Tulimnunulia taa nyingine za mtumba kwa pesa zetu, tukalipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Tangu hapo tuna utaratibu. Kabla ya kufungua, tunaegesha gari mbele ya ukuta na kuchora kwa chaki mahali mwanga unapoangukia. Gundi tunailainisha kwa draya ya saluni, taratibu, plastiki isipinde. Riflekta tunaifunika kwa karatasi na gundi ya makaratasi, wala hatuigusi kwa kidole, maana inachubuka upesi. Fremu tunaipiga msasa, tunaiosha, tunapuliza rangi nyembamba mara tatu. Kisha tunaiacha ikauke siku nzima au mbili. Rangi mbichi ikifungiwa ndani inatoa mvuke na kioo kinaingia ukungu. Mwisho tunaziba kwa silikoni na kurudi ukutani. Mwanga usipoangukia kwenye chaki yetu, gari haliondoki.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanaouliza ni hili. Turubai linavuja, ni kweli, na kesho tutakuja kulishona. Lakini mtu aliyezima taa ili aishi, siku akikaa chini ya mkorosho akapaka taa ili ipendeze, ujue woga umempungua. Babu zetu walivipa vyombo macho. Sisi tunayapaka wanja macho tuliyoyakuta. Ila mboni tunaiacha, ione.

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na fundi wa chombo au wa gari, tuandikieni habari zake kabla hazijasahaulika. Na mwenye draya ya saluni asiyoitumia, asitusahau.